Tuwafundishe waongozaji wa Lamu kuusoma ukuta kutoka nje

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo linauhusu mji wetu wa Lamu moja kwa moja, ingawa mfano nitakaoutoa unatoka mbali, katika kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris. Kila msimu wa kaskazi unapoleta wageni, makundi yao hupita mbele ya misikiti yetu ya mitaa ya Mkomani na Langoni, na maneno ninayoyasikia kutoka barazani hayabadiliki: mwongozaji husimama, hunyosha kidole, husema kwamba huu ni msikiti wa zamani na kwamba hawaruhusiwi kuingia, kisha kundi hupiga picha na kuendelea na safari yake hadi dukani. Kwamba wageni wasioswali hawaingizwi msikitini kwa matembezi ni jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, na sitaki lijadiliwe upya. Ninalolalamikia ni kwamba tumeligeuza katazo hilo kuwa kisingizio cha kutosema lolote, kana kwamba jengo lisiloingiwa halina la kuelezwa.

Kanisa la Notre-Dame lilishika moto jioni ya tarehe 15 Aprili 2019. Paa lote liliteketea, pamoja na ule mtandao wa boriti za mwaloni ambao watu wa Paris waliuita msitu kwa wingi wa miti iliyokatwa kuujenga, na mnara mwembamba wa katikati uliofikia mita 96 ulianguka mbele ya macho ya dunia. Milango ilifungwa na haikufunguliwa tena kwa waumini na wageni hadi Desemba 2024. Kwa muda huo wote, zaidi ya miaka mitano, waongozaji waliendelea na kazi. Waliwakusanya wageni uwanjani na kuwazungusha jengo kutoka nje, nyuma ya uzio wa mafundi. Mwaka 2022 nilikuwa Paris kumtembelea binti yangu anayesoma huko, naye akaniandikisha katika mojawapo ya ziara hizo. Nilikwenda kwa shingo upande, nikiamini kwamba kuliona kanisa lililofungwa ni kupoteza asubuhi. Nilirudi nikiwa na maswali mengi kuhusu nyumba niliyozaliwa.

Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo aliyezungumza taratibu ili kila mtu amfuate. Hakutupeleka mlangoni. Alitusimamisha mwisho kabisa wa uwanja, mbali kiasi cha kuuona uso wote wa magharibi kwa pamoja, akatuomba tunyamaze kidogo tuutazame, kisha akauliza swali moja tu: ni mlango upi kati ya hii mitatu usiofanana na mingine? Watu walitazama, wakabishana, na hatimaye kijana mmoja akaona kwamba juu ya mlango wa kushoto kuna pembetatu ya mawe ambayo milango mingine haina. Kuanzia hapo kila mmoja wetu alianza kutafuta tofauti nyingine, na bila ya kuambiwa tukagundua kwamba hata ile minara miwili mikubwa, yenye mita 69 kila mmoja, ambayo kwa mbali huonekana pacha, haina upana mmoja. Wa kaskazini ni mnene kidogo. Nimefundisha watoto kwa maisha yangu yote ya kazi na ninajua ugumu wa kumfanya mtu atazame kabla hujamwambia cha kuona. Mama yule aliliweza hilo kwa swali moja.

Ndipo akatusogeza. Alitueleza kwamba ujenzi ulianza mwaka 1163 wakati wa askofu Maurice de Sully, na kwamba milango mitatu haikuchongwa kwa wakati mmoja: ule wa kulia una michongo ya karne ya 12 iliyotengenezwa mapema ikaja kupachikwa katika ukuta mpya. Mlango wa kushoto, ule wenye pembetatu, umezungukwa na buruji kumi na mbili za nyota na kazi za miezi ya mwaka, kuanzia mavuno ya nafaka hadi mtu anayejipasha moto wakati wa baridi. Sisi ambao wazee wetu walisafiri kwa nyota na kuhesabu siku kwa mwaka wa kilimo na wa bahari hatukuhitaji mkalimani kuelewa kwa nini mambo hayo yaliwekwa mlangoni. Juu ya mlango wa kati imechongwa siku ya hukumu. Wafu wanafufuka, na malaika ameshika mizani huku shetani akijaribu kuuvuta upande mmoja ili roho iangamie. Si imani yangu kuchora mambo ya akhera, na dini yangu ina sababu zake za kujiepusha na sanamu, lakini mizani ya amali ninaifahamu tangu chuo cha Kurani, na nilipoitazama pale juu nilielewa hofu na matumaini ya watu walioilipia kazi ile.

Juu ya milango hiyo kuna safu ya sanamu 28 za wafalme. Ni wafalme wa Yuda wa Agano la Kale, ila wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa watu waliwadhania kuwa wafalme wa Ufaransa, na mwaka 1793 wakakatwa vichwa. Sanamu tunazoziona leo ni za karne ya 19. Mwaka 1977 mafundi waliokuwa wakifanya kazi katika jengo la benki mjini humo walifukua vipande vya sanamu za kale, vikiwamo vichwa 21 vya wafalme wale, na sasa vimewekwa katika makumbusho ya Cluny. Mwongozaji alitusimulia kisa hiki bila ya kuongeza chumvi, na alipofika kwenye wale wanyama wa ajabu wanaoegemea ukingo wa minara, ambao picha zao zimeenea duniani kote, alisema waziwazi kwamba si wa enzi za kati hata kidogo: waliwekwa na msanifu Eugène Viollet-le-Duc katika ukarabati ulioanza miaka ya 1840. Wageni wengine walionekana kuvunjika moyo. Yeye hakujali. Alisema kilicho cha kale na kilichoongezwa baadaye vyote ni sehemu ya jengo, mradi kila kimoja kitajwe kwa umri wake.

Hapa naomba niseme jambo linaloniuma. Nimemsikia mwongozaji mmoja hapa kwetu akiwaambia wageni kwamba kila mlango wa nakshi mjini una umri wa miaka elfu moja. Mlango aliokuwa akiuonyesha niliuona ukichongwa nikiwa mtu mzima, katika karakana ya jirani, kwa mti mpya, na fundi aliyeuchonga bado anaswali nasi. Je, si jambo la fahari zaidi kuwaambia wageni kwamba ufundi huu haujafa, kwamba wako vijana wanaochonga leo nakshi za babu zao, kuliko kumvika mlango umri usio wake na kumnyima fundi haki ya kazi yake?

Nirudi Paris kidogo, kwa sababu sehemu iliyonifunza zaidi haikuwa mbele ya kanisa bali ubavuni na nyuma yake. Tulivuka mto Seine hadi ukingo wa kusini, na kutoka huko tukaona jinsi jengo lile linavyosimama. Kuta za mtindo wa Kigothi, yaani ule wa makanisa makuu ya Ulaya ya enzi za kati, ni ndefu na nyembamba, na zimetobolewa madirisha makubwa. Dari lake la mawe huusukuma ukuta nje kwa uzito wake, na ukuta peke yake usingeustahimili msukumo huo. Kwa hiyo waashi walijenga nguzo nene mbali na ukuta, wakatupa mikono ya mawe iliyopinda kutoka nguzo hizo hadi juu ya ukuta, ili iupokee msukumo na kuuteremsha ardhini. Nyuma ya kanisa, upande wa mashariki, mikono hiyo hufikia takriban mita 15. Baada ya moto, wahandisi walihofia kwamba mizani kati ya dari na mikono imevurugika, wakaweka chini ya kila mkono fremu nzito ya mbao iliyokatwa kufuata mpindo wake. Mwongozaji alituonyesha fremu hizo, akasema kwamba sasa tunaona kwa macho kile ambacho kwa kawaida hufichika, yaani nguvu inayopita ndani ya jiwe. Ajali ilikuwa imelifanya jengo lijieleze lenyewe.

Kisha akatuonyesha wale wanyama wengine, waliochomoza ukutani na vinywa wazi. Hao ni milizamu. Maji ya mvua hupita mgongoni mwao na kutemwa mbali, ili yasiteremke ukutani na kula chokaa iliyoshika mawe. Sura zao za kutisha ni pambo juu ya kazi, na kazi ndiyo iliyotangulia. Niliposikia hayo niliwaza moja kwa moja milizamu ya madari yetu inayomwaga maji vichochoroni wakati wa masika, na kuta ngapi Lamu zimeanza kufumuka kwa sababu mlizamu mmoja uliziba na mwenye nyumba yuko Mombasa au Uarabuni.

Najua nitajibiwa kwamba mfano huu hautufai, kwa kuwa kanisa la Kigothi limeweka hazina yake nje, penye sanamu na nguzo, ilhali nyumba ya Lamu ni ukuta mtupu wa matumbawe na chokaa, na uzuri wake wote, yaani zidaka (vishubaka vya ukutani), nakshi za plasta na vitanda vya kale, umo ndani. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo hasa inayofaa kuelezwa. Ukuta ule umeachwa mtupu kwa makusudi. Nyumba imejisitiri. Mwenye mali hakutaka mpita njia ajue kilicho ndani, na mwenye heshima hakutaka watu wa nyumbani kwake waonekane. Hivyo madirisha ya kale ni madogo na yako juu, mlango hauelekei moja kwa moja uani, na anayeingia hulazimika kugeuka ndipo aone. Kwa upande wa mtaani mwenye nyumba alitoa daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, lenye baraza pande zote mbili, ili mgeni apokewe, apumzike na hata kufanya biashara bila ya kuvuka kizingiti. Ukiinua macho utaona wikio, chumba kilichotandazwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili za jamaa, ambacho wanawake waliweza kukipitia bila ya kukanyaga njia. Mgeni anayeelezwa haya akiwa amesimama kichochoroni, akiwa hajaonyeshwa hata chumba kimoja, atakuwa ameijua Lamu zaidi ya yule aliyeingizwa nyumba tano za wageni zilizopakwa rangi kwa ajili ya picha.

Hata vipimo vya mji vinasomeka kutoka nje. Vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake ambao fundi hawezi kuuzidisha. Ndiyo maana upana wa chumba haufiki mbali na mita 3 kwa kawaida. Waashi wa Paris walikuwa na mawe ya chokaa waliyoyachimba kwenye machimbo ya mji wao na misitu ya mwaloni. Sisi tulikuwa na mwamba wa bahari na mikoko. Kila mmoja alijenga kwa alichopewa. Mpwa wangu mmoja, aliyesoma usanifu Nairobi, alinishangaza aliposema hakuwahi kufundishwa hilo darasani.

Na misikiti je? Misikiti mingi ya kale ya Lamu haina mnara, na mgeni anaweza kupita mbele yake bila ya kutambua. Lakini zunguka hadi upande wa kaskazini. Makka iko kaskazini yetu, karibu moja kwa moja, na mihrabu hutokeza nje ya ukuta wa upande huo kama kifua kilichojaa pumzi. Mtu akishaonyeshwa mara moja, ataweza kuutambua msikiti wa pwani kokote aendako, kuanzia magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda hadi Gede karibu na Malindi, na ataweza kujua upande wa kibla bila ya kuuliza. Kanisa la Notre-Dame nalo lina uso upande wa magharibi na madhabahu upande wa mashariki, kwa desturi ya makanisa ya zamani. Na mwongozaji wetu alianza kwa jambo hilo kabla ya kutaja mfalme au askofu yeyote. Nyumba ya ibada huanza kwa mwelekeo, na mwelekeo unaonekana ukiwa nje. Baada ya hapo yapo mengine ya kuonyesha: birika la kutawadhia pale linapoonekana, ngazi za kupandia darini kwa adhana, maandishi ya Msikiti wa Pwani karibu na ngome yanayotaja mwaka 1370, na mnara wa msikiti wa Ijumaa wa kijiji jirani cha Shela uliojengwa mwaka 1829, ambao unaonekana ukiwa baharini na ambao wageni huupiga picha kwa maelfu bila ya kuambiwa kwa nini Shela ilijenga mnara ilhali majirani zake hawakujenga.

Sababu yangu kubwa ya kuandika, hata hivyo, si wageni. Ni kwamba mji usiosomwa na wenyewe huharibiwa na wenyewe bila ya kujua. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo tumesikia hotuba nyingi kuhusu heshima hiyo, lakini bado naona kuta za matumbawe zikipakwa saruji kila mwaka. Saruji haipumui. Chokaa huruhusu unyevu uliomo ndani ya jiwe kutoka polepole, lakini saruji huufungia ndani, chumvi hukusanyika, na baada ya misimu michache plasta hubanduka ikiwa na vipande vya ukuta wenyewe. Fundi anayepaka saruji hafanyi hivyo kwa ubaya; ni rahisi kupatikana, hukauka haraka, na matanuu ya chokaa yamepungua. Lakini laiti yeye, mwenye nyumba na mtoto wa mwenye nyumba wangewahi kusimamishwa mbele ya ukuta mmoja mzima na mwingine uliooza, wakaulizwa swali kama lile la Paris, ni upi usiofanana na mwingine na kwa nini, naamini mazungumzo ya bei na saruji yangekuwa tofauti.

Kwa hiyo napendekeza kwa Serikali ya Kaunti, kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ambayo yanasimamia ngome na jumba la makumbusho hapa kwetu, na kwa chama chochote cha waongozaji kilicho tayari, kwamba iandaliwe ziara ya kutembea isiyoingia mlango wowote. Waongozaji wafundishwe na watu wa kazi wenyewe: mwashi aeleze ukuta, mchonga nakshi aeleze mlango, imamu au mwalimu wa madrasa aeleze msikiti kwa kadiri anavyoona inafaa, na wazee wa mtaa waeleze daka na wikio ni za nani na ziliunganisha ukoo gani, kwa ridhaa ya wenyewe. Kila atakayepewa kitambulisho cha kuongoza awe ameweza kutofautisha, mbele ya wanaomfundisha, kilichojengwa karne zilizopita na kilichotengenezwa juzi, na awe anakubali kusema hivyo mbele ya wageni hata kama watavunjika moyo. Ngome yetu haihitaji kuongezwa umri: ilianza kujengwa mwaka 1813 na kukamilika 1821, na hiyo inatosha.

Wapo watakaosema kwamba kuwasimamisha wageni karibu na msikiti ni kuleta bughudha, na wasiwasi wao ninauheshimu kwa sababu nimewaona wageni waliovaa nguo za ufukweni wakiinua kamera mbele ya watu wanaotawadha. Jawabu ni kuweka masharti na kuyasimamia: ziara zisifanyike nyakati za sala wala siku ya Ijumaa kabla ya alasiri, mavazi yawe ya heshima, watu wasipigwe picha, na kamati ya kila msikiti iwe na uhuru wa kukataa bila ya kuulizwa sababu. Hivi sasa wageni wanasimama pale pale bila ya sharti lolote na bila ya maelezo, jambo ambalo halimfaidi yeyote, si mgeni wala muumini.

Ningependa pia kwamba kabla mgeni mmoja hajalipia ziara hii, wapitishwe kwanza wanafunzi wa shule zetu za msingi, bila ya malipo, darasa kwa darasa. Walimu wenzangu walioko kazini wanajua ni watoto wangapi wa Lamu wanaoweza kuchora mnara wa Eiffel na wasioweza kuchora daka la nyumba ya bibi yao. Mimi mwenyewe nimekwisha kuzungumza na wazee wawili wa mtaa wetu pamoja na mwashi mmoja aliyejifunza kazi ya chokaa kwa baba yake, nao wamekubali kutoa muda wao siku za Jumamosi asubuhi. Mwalimu mkuu yeyote anayetaka kutuletea darasa, na kijana yeyote mwenye kibali cha kuongoza watalii anayetaka kufuatana nasi na kujifunza, aulize habari zetu katika baraza la Mkomani baada ya sala ya alasiri. Tutaanzia nyuma ya msikiti, kwenye ukuta wa kaskazini.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu